Megabaiti 14: shule zilipofungwa, nani alisoma?

Najua nimepotea miezi mitatu, kazi ya mwajiri ilinibana hata wikendi. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala maelekezo ya kusakinisha chochote. Leo nataka tuzungumze historia, tena historia ya juzi tu, ambayo naona tumeanza kuisahau kabla hatujaiandika.

Ilianza hivi. Wiki jana nilikuwa nahamisha mafaili kutoka seva moja ya zamani ambayo nimekuwa nikiilipia kila mwaka bila sababu. Humo nikakuta folda ya 2020. Ndani yake ilikuwamo tovuti niliyoitengeneza nikiwa nyumbani Bokoli wakati shule zilipofungwa, pamoja na kumbukumbu za seva. Kwa wale wasiofahamu, seva huandika kila ombi linaloifikia: anwani ya aliyeomba, saa, faili aliloomba, na idadi ya baiti alizotumiwa. Nilizisoma zote. Sikumaliza hata dakika kumi.

Bokoli, kwa wasiopajua, ni soko dogo katika eneo bunge la Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma. Ni miwa na mahindi, na asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Elgon. Mimi sasa naishi Kitale, lakini Machi 2020 nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Ijumaa tarehe 13 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya, na Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano, vyuo vikuu hadi Ijumaa. Nikapanda matatu na mkoba wa nguo na tarakilishi yangu iliyokuwa na betri isiyoshika moto zaidi ya saa moja.

Tulidhani ni likizo ya mwezi. Dunia nzima ilidhani hivyo. Katika kilele cha kufungwa huko, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walio nje ya madarasa, katika nchi zaidi ya 190. Kila serikali ikasema neno lile lile: masomo yataendelea nyumbani. Hapo ndipo mimi, kijana wa miaka ishirini na ushei aliyejua HTML na PHP, nilipojiona nimeitwa.

Nilitengeneza tovuti kwa siku nne. Nilikusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nikapiga picha kurasa za vitabu vya dada yangu aliyekuwa darasa la nane, nikatengeneza mafaili ya PDF. Nilijivunia. Nikamwonyesha mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, nikamwambia awaambie wazazi wa darasa lake kwamba ni ya bure.

"Bure kwa nani, mwanangu?" akauliza.

Sikumwelewa. Kwangu bure ilimaanisha kwamba mimi silipishi.

Kumbukumbu za mwezi wote wa Mei 2020 zinaonyesha wageni watatu. Wa kwanza ni mimi, nikikagua kama tovuti iko hewani. Wa pili ni roboti ya kampuni ya kutafutia habari mtandaoni. Wa tatu ni simu moja iliyoingia mara moja tu, saa tano na dakika 47 usiku, ikaomba faili la hisabati la kidato cha pili lenye megabaiti 14. Ikapokea megabaiti 5 na kidogo, halafu ikakatika. Haikurudi tena. Mgeni huyo nitamrudia.

Sasa, ningekuwa nimesoma takwimu kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kodi, ningejua. Sensa ya Kenya ya 2019, mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa imeuliza kaya zina vifaa gani. Redio ilikuwa katika asilimia 56.9 ya kaya, runinga asilimia 40.7, intaneti asilimia 17.9. Tarakilishi, ikiwemo ya mkononi na tableti, asilimia 8.8. Hiyo ni nchi nzima, Nairobi ikiwemo. Uwezo walipochunguza masomo ya nyumbani mwaka huo wa 2020, waligundua kwamba ni watoto takriban 22 tu kati ya 100 waliokuwa wakifikiwa na masomo ya kidijitali, na wa shule za binafsi walifikiwa mara mbili zaidi ya wale wa shule za umma. Kwa ulimwengu mzima, UNICEF ilikadiria Agosti 2020 kuwa watoto wasiopungua milioni 463 hawakuwa na njia yoyote ya kupata masomo hayo, si redio, si runinga, si intaneti.

Msidhani Kenya haikuwa na vifaa. Serikali ya Jubilee iliingia madarakani 2013 ikiwa imeahidi kila mtoto wa darasa la kwanza tarakilishi ya mkononi. Ahadi ikageuka kuwa tableti, na kuanzia 2016 zaidi ya milioni moja zilipelekwa katika shule za msingi za umma. Lakini zilikuwa mali ya shule. Katika shule moja jirani na kwetu zilikaa stoo, nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli mbili, miezi yote ile. Mlinzi alilipwa kuzilinda zisiibwe na watu, wakiwemo wale watoto walionunuliwa.

Linganisheni na Uruguay. Nchi hiyo ndogo ya Amerika Kusini ilianza mpango uitwao Plan Ceibal mwaka 2007, na kila mtoto wa shule ya msingi ya umma akapewa tarakilishi ya kwenda nayo nyumbani. Korona ilipofika walikuwa wamejiandaa kwa miaka 13. Na bado, sikilizeni hili, walianza kufungua shule tarehe 22 Aprili 2020, mwezi mmoja na ushei tu baada ya kuzifunga, wakianzia za vijijini. Waliokuwa na mtambo bora kuliko wengi ndio walioharakisha kuutoka. Mimi ningekuwa Uruguay wakati ule ningepinga. Ningesema mtandao unatosha.

Kwetu ilikuwa vinginevyo. Julai 2020, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Wiki hiyo hiyo Kenya ikaingia kwenye habari za teknolojia za dunia kwa jambo jingine: mabaluni ya Loon. Mnakumbuka? Kampuni ya Loon, ya Alphabet wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha mabaluni yapatayo 35 yanayotumia nguvu za jua, takriban kilomita 20 juu angani, yamwage intaneti ya 4G juu ya kilomita za mraba 50,000, Kakamega na Eldoret zikiwemo. Nilikesha nikisoma jinsi yanavyopanda na kushuka kutafuta upepo wa kuyapeleka yanakotakiwa. Ni uhandisi wa ajabu, na hadi leo nauheshimu. Nilimweleza mama. Akaitazama simu yake ya kabambe, akaniuliza kama balunu litaijua. Januari 2021, mwezi ule ule shule zilipofunguliwa kikamilifu, Alphabet ikatangaza kuifunga Loon kwa sababu ya gharama.

Haya, tuvuke mpaka. Shangazi yangu, sisi twamwita senge, ameolewa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda. Ukisimama Lwakhakha sokoni unaweza kumwita mtu wa upande wa pili akaitika, na lugha ni karibu ile ile. Senge ana mtoto wa umri sawa na mtoto wa jirani yetu Bokoli. Machi 2020 wote wawili walikuwa darasa la pili. Wa Bokoli alirudi darasani Januari 2021, baada ya miezi tisa na nusu. Wa senge alirudi tarehe 10 Januari 2022. Uganda ilifungua madarasa kidogo kidogo kuanzia Oktoba 2020, ikafunga tena Juni 2021 kabla wadogo hawajatulia, na kwa hiyo ikawa nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko zote duniani. Takriban wanafunzi milioni 15.

Walisoma nini muda huo? Serikali ilichapisha vijitabu vya kujisomea, magazeti yakatoa kurasa za masomo, vituo vya redio vikatoa vipindi. Lakini tazama upande wa mtandao. Tangu Julai 2018 Waganda walikuwa wakilipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na Facebook. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ikazimwa. Julai 2021 ule ushuru wa kila siku ukaondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Shule zikiwa zimefungwa! Serikali moja, kwa mkono huu inasema somea mtandaoni, kwa mkono ule inapandisha bei ya mtandao. Mtoto wa senge alipandishwa darasa pamoja na wenzake 2022. Senge alituambia alikuwa amesahau hata kushika kalamu, akawa anamshika mkono jioni kama anayemfundisha kula.

Tanzania nayo ilifunga Machi 17, 2020 na kufungua shule zote tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Tunaweza kubishana mpaka asubuhi kuhusu jinsi serikali ya Magufuli ilivyoshughulikia ugonjwa wenyewe, nami nina maneno yangu, ila mtoto wa Tanzania alipoteza miezi mitatu na nusu. Halafu Tanzania ilikuwa na kitu ambacho sisi Wakenya tunakitazama mpaka leo kwenye runinga zetu: katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Mtasema: haya yote ni umaskini tu, pelekeni intaneti nzuri na mambo yatanyooka. Mimi pia nilisema hivyo kwa miaka. Kisha nikasoma utafiti wa Uholanzi, nikanyamaza. Uholanzi ni kati ya nchi zenye intaneti ya kasi katika karibu kila nyumba, na ilifunga shule za msingi kwa majuma manane tu. Bahati nzuri kwa watafiti, watoto kule hufanya mitihani ya taifa mara mbili kwa mwaka, na mwaka 2020 mmoja ulifanyika muda mfupi kabla ya kufungwa na mwingine muda mfupi baada ya kufunguliwa. Per Engzell na wenzake walichukua matokeo ya watoto wapatao 350,000 wakayalinganisha na ya miaka iliyotangulia. Pengo walilolikuta lilikuwa sawa na moja ya tano ya mwaka wa shule, yaani karibu sawasawa na majuma yale waliyokaa nyumbani. Kwa lugha yetu ya kodi: ingizo ni majuma manane ya masomo ya mtandaoni, tokeo ni karibu sufuri. Na kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana, hasara ilizidi kwa hadi asilimia 60.

Kwa upande mwingine kuna Botswana. Huko watafiti walichukua familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano, wakazigawa. Baadhi walitumiwa arafa za maswali ya hesabu kila wiki. Wengine walitumiwa arafa hizo hizo na kupigiwa simu ya dakika kama 20, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto kuhusu yale maswali. Wengine hawakupewa kitu. Arafa peke yake haikuleta faida ya kutegemewa. Arafa pamoja na simu iliinua hesabu za watoto. Simu ya kawaida, ile ya "haloo"! Jaribio likarudiwa katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na likafaulu tena.

Ningependa kuishia hapo, ila sitaki kuwadanganya. Kuna utafiti mwingine wa Kenya ambapo walimu waliwapigia wanafunzi wa shule za binafsi, na alama hazikupanda. Kilichopanda ni hisia ya watoto kwamba mwalimu anawajali. Sierra Leone nayo, ambayo ilishafundisha kwa redio wakati wa Ebola 2014 na 2015 na hivyo ikawa tayari haraka 2020, iliongeza simu za walimu juu ya redio na haikuona tofauti. Kwa hiyo simu si dawa. Inategemea nani anapiga, anauliza nini, na kama anauliza kwa kiwango cha mtoto mwenyewe au cha kitabu.

Mama hakusoma utafiti wowote. Darasani alikuwa na watoto 41, na namba za wazazi zilizokuwa hewani zilikuwa 17. Jioni, redio ikizimwa baada ya taarifa, aliwapigia watatu au wanne. Alimwambia mtoto achukue kitabu chochote kilichopo, hata Biblia, hata karatasi ya unga, amsomee. Anasikiliza, anasema rudia hilo neno. Nilimwuliza majuzi kama waliendelea vizuri kuliko wale 24. Akasema wachache ndiyo, wengine hapana. "Sikuwa nafundisha sana. Nilikuwa nahakikisha bado wako."

Kinachonisikitisha kama mtu wa teknolojia ni kwamba Kenya ilishajua jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu wasiokuwa na vyeti walisomeshwa kwa posta na redio kutoka Kikuyu, chini ya chuo cha Nairobi: kijitabu kinakuja kwa posta, kipindi kinasikika Sauti ya Kenya, zoezi linarudi likiwa na masahihisho ya wino. Kisha katika miaka ya 1980 taasisi ya mitaala, iliyokuwa ikiitwa KIE kabla haijawa KICD mwaka 2013, ilishirikiana na Wamarekani katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, darasa la kwanza hadi la tatu. Nusu saa kila siku ya shule. Siri yake ilikuwa kimya. Mtangazaji anauliza swali, kisha redio inanyamaza sekunde chache, na darasa zima linajibu kwa sauti. Kisha redio inatoa jibu. Watoto wale waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma.

Fikirini hilo kwa muda. Mwaka 1982 mtu aliyekaa studio, asiye na njia yoyote ya kumsikia mtoto, alimwachia mtoto nafasi ya kujibu. Mwaka 2020 nilisikiliza vipindi vya shule kupitia KBC pale nyumbani, na vingi nilivyovisikia mimi vilikuwa hotuba moja ndefu, kama misa. Na mimi, niliyekuwa na seva, lugha mbili za programu na elimu ya chuo kikuu, niliweka PDF. PDF haiulizi kitu. Walioelewa kabambe walikuwepo, Eneza Education kwa mfano na Shupavu 291 yao ya masomo na maswali kwa arafa kwenye simu yoyote ile. Mimi niliwaona washamba.

Sasa turudi kwa yule mgeni wa saa tano na dakika 47 usiku.

Ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Nilijua Desemba iliyopita tu, tukiwa tumekaa nje kwa mjomba tukila mahindi. Nilikuwa namsimulia kwa mzaha jinsi tovuti yangu ilivyokosa watu. Akacheka, akasema, "Kaka, mimi niliingia." Alikuwa ameazima simu ya rafiki, akanunua bando la shilingi 20 alizopata kwa kupalilia shamba la mtu, akangoja usiku mtandao ukiwa hauna watu wengi. Akaona mstari wa kupakua unasogea mpaka karibu theluthi, halafu bando likaisha. Alidhani amekosea yeye. Hakuniuliza kwa sababu aliona aibu, mimi nikiwa ndiye mtu wa kompyuta wa ukoo.

Juni alianza kukata miwa. Januari 2021 shule zilipofunguliwa hakurudi. Mjomba alikuwa amemtengea karo nusu, naye alikuwa na pesa zake mfukoni kwa mara ya kwanza. Sasa ana pikipiki, anabeba watu kutoka sokoni. Dada yangu wa darasa la nane alirudi Oktoba 2020 na watahiniwa wenzake na akafanya KCPE Machi 2021. Tofauti kati yao haikuwa akili. Dada alikuwa na mama akimwuliza maswali jikoni.

Sisemi megabaiti 9 zilizobaki ndizo zilizomtoa shuleni. Ila nilipoyaona yale maandishi kwenye kumbukumbu, saa na idadi ya baiti, nilikaa muda mrefu.

Juzi nililifungua lile faili. Kurasa 40, zote picha nilizopiga kwa simu, kubwa kupita kiasi, kivuli cha kidole changu kikiwa pembeni. Nimeandika upya maswali yote kama maandishi matupu, na kila swali linangoja ujibu kabla halijakuonyesha linalofuata. Kurasa zote 40 sasa ni kilobaiti 310. Nilimtumia binamu kiungo jana usiku. Kumbukumbu ya leo asubuhi inaonyesha amefika swali la saba.